Mguu Usiogusa Breki

Kazi ya mjomba wangu ilikuwa kuvuta vyoo. Nalisema mapema ili mwenye kucheka acheke amalize. Vyoo vinne vya plastiki, rangi ya bluu, vimefungwa mikanda juu ya tela, nyuma ya pikapu ya dizeli ambayo ni nyeupe kwenye kadi ya gari tu. Kukiwa na harusi huko juu, msiba, mechi au mkutano, mjomba alivipandisha asubuhi vikiwa vitupu, vinanukia dawa ya maua. Baadaye alivishusha. Wakati wa kushuka havikunukia maua.

Ni mtu wa miaka hamsini na mbili, mfupi, shingo nene, maneno hana. Ukimuuliza hali anasema "ipo". Ukimpa pole anasema "haya". Siku alipozikwa bibi, yaani mama yake mzazi, alitupa koleo lake la udongo, akapangusa mikono, akaenda kuwasha gari, kwa sababu vyoo vya msibani pale vilikuwa vyetu na ilibidi vishuke. Watu walimsema mpaka wakachoka. Mimi sikumsema. Nilikuwa nimeshakaa kiti cha pembeni, nimepakata karatasi za chooni zilizobaki.

Kutoka juu hadi mjini kuna kilomita tisa za mteremko na kona kumi na moja. Juu pana mnara wa simu, chini pana daraja, na ng'ambo ya daraja ndiyo bwawa la majitaka ambako mzigo unamwagwa. Kwa hiyo kazi yetu imekaa vibaya kuanzia kwenye ramani: tunapanda watupu, tunashuka tumejaa. Na mzigo wa maji si kama mzigo wa matofali. Matofali yakikaa yamekaa. Maji ukipunguza mwendo yanakimbilia mbele, yanapiga ukuta wa tangi, tela lote linakusukuma mgongoni kama yule mtu wa nyuma yako kwenye foleni ya benki ambaye anadhani akikugusa foleni itasogea.

Dereva wa kawaida akifika hapo anakanyaga breki, anaachia, anakanyaga. Kona ya sita breki zinaanza kunuka. Kona ya nane pedali inazama laini kama umekanyaga godoro. Kona ya tisa anakumbuka dini yake.

Mjomba alikuwa na swichi. Kidude cheusi kwenye mkono wa gia, ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Ndiyo breki ya ekzosti. Ukiibonyeza, kifuniko cha chuma ndani ya bomba la moshi kinajifunga. Moshi unakosa pa kutokea, injini inabanwa pumzi, na injini iliyobanwa pumzi haitaki kuzunguka, basi na magurudumu nayo yanazuiwa. Pedi hazisuguliwi, hakuna kinachochemka. Inataka mambo matatu tu: gari liwe ndani ya gia, gia iwe nzito, na mguu utoke kwenye mafuta.

Kwa hiyo mjomba akifika mnarani alisimama, akaweka gia ya pili, akabonyeza. Gari likaanza kukoroma kama mtu aliyelala amefunikwa mto usoni. Akashuka nalo hivyo kilomita zote tisa, polepole, mikono kwenye usukani, macho mbele, miguu imetulia sakafuni kama ya abiria. Chini darajani gari likibaki na mwendo wa mtu anayetembea, alivuta breki ya mkono. Basi. Watu waliopanda naye walisema anaendesha kama amebeba mayai. Tulijua sote alichobeba, lakini sifa ni sifa.

Yadi nzima ya kampuni tuliyoifanyia kazi ilimwita Mjomba, japo mjomba ni wangu peke yangu. Mimi nilikaa ofisini, naandika safari kwenye ubao: nani anakwenda wapi, na vyoo vingapi. Siku za kazi kubwa nilipanda na magari kwenda kupanga. Nilikaa nyumbani kwake pia, chumba cha kando ya jiko, kwa hiyo mtu huyu nilikuwa namwona kutwa nzima na sijui kama nimewahi kumsikia akisema sentensi yenye maneno kumi.

Bosi wetu ni mwanamke aliyeanza biashara na choo kimoja. Yeye mwenyewe ndiye anayependa kulisema hilo, wala hacheki akilisema. Hakuna skrubu asiyoijua ilikotoka. Siku moja akagundua kwamba madereva wengine wanabadilisha pedi za breki kila baada ya miezi miwili, na mjomba ana mwaka na nusu na pedi zilezile. Akatuita wote nje, pale pa kuoshea.

"Mzee wangu, waeleze hawa," akasema.

"Niwaeleze nini?"

"Unavyoshuka."

"Nashuka."

"Waeleze vizuri. Wanakula breki kama karanga."

Mjomba akawatazama. Walikuwa watatu, lakini aliyekuwa anaelezwa hasa ni mmoja, na sote tulimjua: Nyutro. Jina lake la kweli lipo kwenye leseni. Sisi tulimwita Nyutro kwa sababu akiona mteremko anatoa gari kwenye gia, analiacha liserereke lenyewe ili dizeli isiliwe, na akifika chini anatamba kana kwamba ameichimba dizeli kwa mikono yake.

Mjomba akaeleza. Mnarani unasimama. Gia ya pili kabla hujaanza kushuka, usingoje katikati. Swichi. Mguu utoke kwenye mafuta. Mvua ikinyesha, pole zaidi, maana kinachozuia ni magurudumu ya nyuma ya pikapu peke yake, na tela linaweza kukupita ubavuni.

"Sasa Mjomba," Nyutro akasema, "mimi nikiwa nyutro gari linatembea bure. Hiyo yako haili dizeli?"

"Haili."

"Hata kidogo?"

"Mguu uko wapi? Si umeutoa kwenye mafuta?"

"Haya. Nikibonyeza swichi nikiwa nyutro?"

"Hapo swichi ni pambo. Injini inajizuia yenyewe huko, gari linakwenda zake."

"Na nikikanyaga klachi?"

"Ni yaleyale. Umelifungua."

"Na aliye nyuma yangu je? Taa za breki haziwaki, si ataniingia chooni?"

Watu wakacheka. Hata bosi alitazama pembeni. Mjomba alingoja wamalize.

"Unagusa pedali ya breki," akasema. "Huzuii gari. Unagusa tu, taa ziwake."

"Kidogo kiasi gani?"

Hapo mjomba akatazama viatu vyake. Nilidhani anatafuta neno.

"Utahisi mwenyewe," akasema.

Jioni ile nikakumbuka kwamba nimeshuka naye mara zisizohesabika na sijamwona akigusa pedali kama alivyofundisha. Yeye huwasha taa za tahadhari pande zote mbili, kwa kidole, na kushuka zikikonyeza mpaka darajani. Nikasema labda wakubwa wana mtindo wao. Nina akili za kutosha kujua karibu kila kitu kikishapita.

Mke wa mjomba, tunayemwita Anti, ni fundi wa kushona. Wakati huo alikuwa na kazi ya sare za shule mbili, na sebule yetu ilikuwa imegeuka kiwanda: vipande vya kitambaa cha kijani kwenye kochi, nyuzi kwenye zulia, vifungo ndani ya kikombe ambacho mara moja nilikinywea chai. Jumapili moja, Anti yuko uani anaanika, mjomba akaketi mbele yangu avue soksi. Soksi ya kulia ikagoma kutoka. Akaivuta. Ikanasa. Akageuza wayo kutazama, na hapo kwenye kisigino palikuwa na pini, kichwa cha njano kimebaki nje, yenyewe imezama yote.

Alikuwa ametembea nayo tangu asubuhi. Alikuwa amekwenda dukani nayo.

Akaishika kwa vidole viwili, akaichomoa. Ilitoka ndefu. Akaifuta kwenye suruali, akainama, akaichomeka kwenye kile kimto cha pini cha Anti, mahali pake, pamoja na wenzake. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeokota kifungo.

"Mjomba," nikasema.

"Naam."

"Hiyo haikuuma?"

"Hapana."

"Tangu lini?"

"Nini tangu lini?"

"Miguu."

Akaanza kuvaa soksi tena. "Imefika mwaka. Ni sukari. Wa kulia ndio zaidi."

"Huhisi kabisa?"

"Nikiitazama, naona iko pale. Nisipoitazama, sijui."

"Na unaendeshaje?"

"Mkono," akasema. "Mjini natumia paja. Paja linajua limesukuma kiasi gani. Na macho."

"Mteremkoni?"

"Mteremkoni si kuna swichi."

Nilikaa hapo nikipanga kichwani yale yote tuliyokuwa tukiyasifu. Mayai. Pedi za mwaka na nusu. Breki ya mkono pale darajani.

"Daktari anajua unaendesha?"

"Aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia niko kampuni ya usafi."

"Anti je?"

"Anti ana sare mia mbili."

Hakuniambia nisiseme. Angeniambia, labda ningekataa, tungegombana, ingekuwa kitu. Alinyanyuka, akaenda kuangalia maji ya kuoga. Kesho yake nikafika ofisini, nikachukua chaki, nikaandika jina lake kwenye ubao: juu, vyoo vinne. Mkono wangu haukutetemeka wala nini. Nadhani ni ugonjwa wa ukoo.

Baadaye nikajaribu ujanja. Nikawa nampangia safari za tambarare, uwanja wa mpira, kituo cha mabasi, majengo yanayojengwa hapa mjini, na kule juu nampeleka Nyutro. Wiki mbili. Bosi akasimama mbele ya ubao na kikombe chake.

"Mbona Mjomba yuko mpirani kila siku?"

"Anapumzika kidogo."

"Apumzike na nini? Namuweka fundi wa mteremko kwenye tambarare, halafu mteremko nampa huyu anayeserereka? Futa."

Nikafuta.

Alhamisi iliyofuata bosi akaingia yadini na pikapu mpya. Dizeli, ya kijivu, plastiki bado iko kwenye viti. Akatuita tena pale pa kuoshea. Safari hii alikuwa amevaa vizuri.

"Mwaka na nusu," akasema. "Pedi zilezile. Mzee wangu, hili ni lako kuendesha. La zamani atachukua Nyutro. Na ni otomatiki, hakuna klachi. Miguu yako ipumzike."

Watu wakapiga makofi. Mjomba akapokea funguo kwa mikono miwili, akasema "ahsante, bosi", akazitazama kama mtu aliyepewa barua ya mtu mwingine.

Mimi nikachungulia ndani. Mkono wa gia ulikuwa mtupu, unang'aa, hauna kidude chochote.

"Bosi, hili lina breki ya ekzosti?"

"Itafungwa mwezi ujao, kifaa kinaagizwa."

"Si tungengoja?"

"Tungoje nini? Mtu aliyekaa mwaka na nusu na pedi zilezile ndiye wa kusaidiwa breki?"

Ukilisikia haraka lina mantiki. Na bosi huwa anaongea haraka.

Nikamfuata mjomba nyuma ya matangi ya maji. "Utamwambia?"

"Nitaona."

"Jumamosi tuna mkutano wa ushirika kule juu. Vyoo kumi. Sita vyako."

"Nimeona kwenye ubao," akasema. Ubao niliouandika mimi.

Jumamosi tulipanda vizuri. Kupanda hakuna neno, gari linavuta, mguu unasukuma mafuta, ukizidisha unasikia mlio. Mjomba aliendesha kwa masikio. Nyutro alitufuata na ile ya zamani na vyoo vinne. Mkutano ulikuwa wa hotuba, na hotuba zikiwa ndefu kazi yetu inakuwa nzuri sana. Saa nane matangi yalikuwa yamejaa hadi kwenye alama. Tukafunga mikanda, tukaondoka.

Mnarani mjomba akasimama kama kawaida yake. Mkono wa kushoto ukaenda kwenye gia, kidole gumba kikatafuta swichi. Kikapapasa, kikazunguka, kikarudi. Nyuma yetu Nyutro naye akasimama. Mbele barabara ilikuwa inaanza kuinama.

"Mpwa," mjomba akasema.

"Naam, mjomba."

"Niangalizie mguu. Uko kwenye breki?"

Nikainama. Chini kule palikuwa na kivuli, ikabidi nisogeze kichwa karibu na goti lake. Kiatu kilikuwa kimekaa katikati. Nusu juu ya breki, nusu juu ya mafuta.

"Umekaa kati," nikasema. "Umeshika vyote viwili."

"Aha," akasema.

Akavuta breki ya mkono, akaweka gia ya kuegesha, akazima gari. Kisha akafungua mlango, akateremka huku akitazama chini kila hatua, akaenda kwa Nyutro. Nikamfuata.

"Tubadilishane," akamwambia.

"Nini tena?"

"Nipe langu. Chukua jipya."

"Bosi kasema lako ni lile."

"Bosi yuko chini."

Nyutro akanitazama mimi, akamtazama yeye, akatazama gari la kijivu. Alikuwa amelitamani tangu Alhamisi, mpaka alikuwa amelipangusa vumbi bila kutumwa.

"Mjomba umelichoka siku ya tatu? Au redio yake inakuogopesha?"

"Weka namba mbili kabla hujaanza kushuka," mjomba akasema. "Lina uzito, vyoo sita. Usilitoe kwenye gia."

"Sawa."

"Umenisikia? Usiende nyutro."

"Nimekusikia, Mjomba. Mimi si mtoto."

Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilijua sababu ya mjomba kulikataa gari, na nilijua mkono wa Nyutro unavyofanya ukiona mteremko. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema sentensi moja. Nikasema, "Nyutro, twende polepole." Hiyo ndiyo sentensi niliyoichagua.

Akatangulia. Sisi tukafuata na gari la zamani, gia ya pili, swichi, mkoromo. Kona ya kwanza taa za breki za mbele yetu zikawaka, zikazima. Ya pili hivyohivyo. Kona ya nne zikawaka, zikakaa. Kona ya tano zikazima na gari likaongeza mwendo ghafla, tela likiyumba kiuno.

"Kalitoa," mjomba akasema.

"Kwenye gia?"

"Kaenda nyutro."

Alilisema kama anavyosema "ipo". Nikachukua simu, nikampigia. Ikaita. Iliita hapo hapo miguuni pangu, kwenye gari tulilokuwamo. Alikuwa ameiacha inachajiwa. Nikaitazama ikiita, jina langu kwenye kioo chake. Mjomba akabonyeza honi, akaishikilia. Mbele huko taa zikawaka tena na hazikuzima. Kona ya saba nikaona moshi kwenye gurudumu la kulia, mweupe, mwembamba. Kona ya nane tukaupita umesimama barabarani bila gari, na harufu yake ikaingia ndani.

"Endesha haraka," nikasema.

"Nikiendesha haraka tutakuwa wawili."

Mkoromo ukaendelea, mwendo uleule. Tukazunguka kona ya tisa.

Watu wa barabara walikuwa wameacha lundo la kokoto kando pale, na Nyutro alikuwa ameliingiza gari ndani yake mpaka kwenye vioo. Tela lilikuwa limelala upande. Choo kimoja kilikata mkanda, kikaanguka, kikafunguka mlango na kila kitu. Nyutro alikuwa amesimama katikati ya hali hiyo, mzima, magotini kushuka chini ni bluu ya dawa ya chooni.

"Pedali iliingia tu," akatuambia. "Ilikwenda mpaka chini. Hakuna kitu."

"Umeumia?" nikamuuliza.

"Naona bado."

Mjomba akazima gari. Akasimama kando ya barabara na mikono mifukoni mpaka bosi alipofika, dakika arobaini baadaye.

Bosi alilizunguka gari mara moja. Hakuziba pua. Akasimama mbele ya Nyutro.

"Gari la siku tatu."

"Breki ziliisha, bosi."

"Breki za gari jipya haziishi. Ulikuwa nyutro?"

Nyutro akatazama miguu yake ya bluu.

"Nakuuliza."

"Kidogo."

"Na ulilipataje? Mimi hili gari sikukupa."

Nikamwona Nyutro akimtupia mjomba jicho, mara moja, haraka. Mtu ambaye kutwa hanyamazi, siku hiyo alikuwa na neno moja la kujiokoa, na hakulisema.

"Nililiomba," akasema. "Nilimsumbua Mjomba mpaka akanipa."

"Basi lete funguo, na leseni yako peleka kwa mwingine. Jumatatu nisikuone."

Nyutro akaanza kupapasa mifuko. Ilikuwa imekwisha hivyo. Mjomba angekaa kimya dakika moja tu, lile la zamani lingekuwa lake tena na swichi yake, na sisi sote tungerudi kulisifu. Niliona anajua. Alitazama kokoto.

"Mimi ndiye niliyempa," akasema.

"Najua, alikusumbua."

"Hakunisumbua. Nilifika mnarani nikaona siwezi kulishusha."

"Wewe?"

"Miguu haina hisia. Mwaka sasa. Sijui iko wapi mpaka niitazame."

Bosi akacheka kidogo, kwa pua, akangoja na mjomba acheke. Mjomba hakucheka.

"Mzee wangu, pedi zako zina mwaka na nusu."

"Ndiyo sababu."

Bosi akageuka akatazama barabara, kule juu, kona moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu watoto wakitoka shuleni. Ilimchukua muda. Kisha akanitazama mimi. Mimi nikatazama ule mlango wa choo uliofunguka.

"Na nikakuweka uwafundishe," akasema.

"Niliwafundisha sawa. Swichi inafanya kazi."

"Toa funguo."

Akazitoa. Bosi akazishika, akakaa nazo, hakujua azipeleke wapi. Mwishowe akampa Nyutro, bila kumtazama usoni. "Lile la zamani. Gia ya pili mpaka darajani. Nikisikia umelitoa, nakuzika na hivi vyoo." Kwa mjomba hakusema neno la ukali. Alimwambia tu apande nyuma, kiti cha nyuma cha gari lake, na akamfungulia mlango mwenyewe, jambo ambalo nadhani lilikuwa baya kuliko matusi.

Tulifika nyumbani jua bado lipo. Cherehani ilikuwa inalia. Anti akasimamisha mguu wake juu ya pedali ya cherehani akatutazama.

"Mbona mapema?"

"Nimeacha kuendesha," mjomba akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu saa tisa."

Anti akanitazama. Safari hii nikasema, yote, kuanzia Jumapili ile mpaka kokoto. Nilisema vizuri, kwa mpangilio, ingawa hakuna aliyekuwa anahitaji tena kuambiwa. Anti alisikiliza akiwa ameshika kola ya sare. Nilipomaliza akaikata uzi, akaiweka juu ya zingine.

"Kaa hapo," akamwambia mumewe. "Vua."

Mjomba akakaa kwenye kochi juu ya vipande vya kijani, akavua viatu, akavua soksi, akakunja suruali hadi magotini. Anti akapiga magoti kwenye zulia. Akabonyeza kidole gumba cha mguu kwa ncha ya mkasi, polepole.

"Hapa?"

"Hapana."

Akapanda juu ya wayo. "Hapa?"

"Hapana."

Kwenye kifundo. "Hapa je? Usiniangalie mkono. Tazama ukutani."

Mjomba akatazama ukutani. "Umeshagusa?"

"Nimegusa."

"Hapana."

Akaendelea hivyo, upana wa kidole kwa upana wa kidole, kama anavyopima suruali ya mteja msumbufu. Nusu ya muundi mjomba akasema, "Hapo." Anti akagusa tena. "Hapo," akasema tena. Anti akachukua ile chaki yake bapa ya kuchoria kitambaa, akachora mstari mweupe kuzunguka mguu, mbele mpaka nyuma, ukakutana. Akahamia mguu wa kushoto. Huo mstari ulikaa chini kidogo.

Akachukua futi ya kushonea, akapima kutoka kwenye goti hadi kwenye mstari, mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Akaandika namba mbili kwenye daftari lake la vipimo vya wateja, ukurasa mpya, na tarehe.

"Kila Jumamosi," akasema. "Tujue kama inapanda."

"Haya," mjomba akasema.

Anti akarudi kwenye cherehani. Mjomba alibaki amekaa, suruali imekunjwa, anaitazama ile mistari miwili. Alikuwa anaitazama kama miguu ya mtu mwingine aliyemwacha nayo hapo, akasema anarudi sasa hivi.